Muulize Fundi: Gia ya usukani inakwama na usukani wenyewe unacheza, nibadilishe gia boksi?

Mzee fundi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Isevya, hapa Tabora mjini. Marehemu baba ametuachia Land Cruiser pikapu ya zamani. Kadi inasema ni ya mwaka 1971, injini ya petroli silinda sita, gia tatu za kwenda mbele, na mkono wa gia uko kwenye usukani. Baba aliibebea tumbaku kipindi chote alipokuwa analima Urambo, baadaye akawa anaibebea mizinga na asali kutoka porini huko Sikonge. Kazi ya asali sasa tumeishika mimi na mdogo wangu.

Shida ilianza kidogo kidogo. Nikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, mkono unakwama katikati, hauendi juu wala chini. Mwanzoni nilikuwa nautikisa unakubali. Siku hizi haukubali. Msimu huu ulitukwamia njiani tukiwa na mzigo, jua linazama. Akapita dereva wa lori, akafungua boneti, akaingiza mkono chini kule usukani unakoishia, akavuta kitu, gia ikaachia. Nikamshukuru, akaondoka hata sijamuuliza amefanya nini.

Halafu usukani unacheza. Naukata, gari haliitiki, nakata tena ndipo linavuta kwa ghafla. Nikiushika ili nishuke, wote unapanda na kushuka. Tena nikikata kushoto honi inalia yenyewe, watu wanadhani nawapigia makusudi.

Fundi wa kwanza amesema gia boksi imekufa, tuweke ya gari lingine yenye gia ya chini, ambayo mkono wake unatokea sakafuni, tukate sakafu. Wa pili anasema tatizo ni stelingi boksi, lile boksi la usukani kule chini, na ule mkono wake ataupiga welda ukaze. Nikijumlisha hesabu zao zinazidi mauzo yetu ya asali. Kaka mkubwa anataka gari liuzwe kwa wanunua vyuma chakavu, mama hataki hata kulisikia hilo neno. Nianzie wapi, mzee?

Mrithi wa pikapu, Tabora

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa kuondokewa na mzee wenu, na hongereni kwa kutoiacha kazi yake.

Kwanza kabisa, gari hilo lisitoke nyumbani. Gia ikikwama itakulaza njiani, basi. Usukani unaochelewa kuitika unaua, tena unaweza kumuua mpita njia aliyekuwa anaendesha baiskeli yake pembeni. Kama kuna asali ya kuleta mjini wiki hii, kodini gari. Najua fedha imebana, lakini hilo sitalilegeza.

Sasa nikueleze alichofanya yule dereva wa lori, kwa sababu ndani yake kuna nusu ya jibu lako. Fungua boneti ufuate bomba la usukani kwa macho mpaka chini. Utaona mikono miwili midogo ya chuma imekaa mmoja juu ya mwenzake, na kila mmoja umeunganishwa na fimbo inayokwenda kwenye gia boksi. Mmoja unahudumia gia ya kwanza na rivasi, wa pili unahudumia gia ya pili na ya tatu. Wewe ukiwa kwenye kiti, unapouvuta mkono wa gia kuja kwako au kuusukuma upande wa dashibodi, kuna ulimi mdogo unahama kutoka kwenye mkono mmoja kwenda kwenye mwingine. Ulimi huo unapita vizuri pale tu mikono yote miwili inapokuwa imelingana, yaani yote iko fri, hakuna gia iliyoingia. Mmoja ukichelewa kurudi, hata kwa milimita chache, ulimi unanasa kati. Huku haujatoka, kule haujaingia. Na kwa kuwa gia boksi ina kizuizi kinachokataza gia mbili kuingia pamoja, mkono wa gia unagoma kabisa.

Yule bwana aliisawazisha mikono hiyo kwa vidole. Nawe unaweza, ila zima injini kwanza, vuta handibreki, weka jiwe kwenye tairi, na mdogo wako akanyage klachi. Shika kila mkono mdogo uusogeze taratibu mpaka ulingane na mwenzake. Utausikia unatulia fri. Injini ikiwa ya moto angalia usiungue. Hiyo ni njia ya kukutoa porini, haitibu ugonjwa. Na kuanzia leo usiulazimishe tena mkono wa gia kwa nguvu, maana fimbo zikipinda tutakuwa na kazi ya pili.

Nimezisoma dalili zako zote pamoja, na nakuomba nawe uzisome hivyo. Usukani unapanda na kushuka. Honi inalia ukikata kushoto. Gia inanasa. Mafundi wako kila mmoja ameshika kipande chake, ilhali vitu vyote vitatu vimening'inia kwenye bomba moja. Mkono wa gia unabebwa na bomba la usukani. Bomba likilegea kwenye dashibodi, kila unapovuta gia unavuta na bomba lenyewe, na mwendo ambao ungefika kwenye ile mikono midogo unaishia njiani. Hata ukifunga gia boksi mpya leo, itanasa vilevile.

Honi ndiyo shahidi wangu mkubwa. Katika magari mengi ya rika hilo, waya wa honi unapanda mpaka katikati ya usukani, na honi inalia pale mguso wake unapofika kwenye bodi. Juu ya bomba, karibu na usukani, kuna bushi au beringi inayoishikilia shafti, ile fimbo ya ndani inayozungushwa na usukani, ikae katikati. Ikilika, shafti inaegemea upande mmoja unapokata, mguso unafika mahali usipotakiwa, honi inalia. Kwa hiyo anzieni pale juu.

Toeni waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa chochote. Kisha wewe shika usukani uuinue na kuushusha, mdogo wako alale chini ya dashibodi na tochi. Aangalie jambo moja tu: kinachosogea ni bomba, au ni shafti ndani ya bomba lililotulia? Bomba likisogea, tatizo ni breketi inayolishika kwenye dashibodi. Mara nyingi boliti zimelegea, au ile raba iliyozunguka bomba ndani ya breketi imekauka ikapukutika. Shafti ikisogea peke yake, ni bushi ya juu. Kwa maelezo yako sitashangaa mkikuta yote mawili.

Kuitoa bushi ya juu kunadai usukani utoke. Hapa watu huharibu, kwa hiyo nitasema kwa kirefu. Tairi ziwe zimenyooka. Fungua nati ya katikati lakini usiitoe yote, iache imeshika nyuzi chache, ili usukani ukichomoka usikupige usoni. Weka alama ya rangi kwenye usukani na kwenye shafti, urudi pale pale ulipokuwa. Kisha tumia pula, kile kifaa cha kuvutia usukani utoke. Usikubali mtu apige kichwa cha shafti kwa nyundo eti usukani uachie: kwa magari mengi ya miaka hiyo shafti inashuka moja kwa moja hadi ndani ya stelingi boksi, na kila pigo la juu linatua kwenye beringi za chini. Wapo waliokwenda gereji na bushi mbovu wakatoka na stelingi boksi mbovu kwa sababu ya nyundo.

Bushi ya zamani msiitupe hata kama imebaki nusu. Mpelekeeni fundi wa kuchonga vyuma pamoja na vipimo vya shafti na vya ndani ya bomba, awachongee nyingine ya shaba au ya naironi ngumu. Kipande cha tairi kilichokatwa kwa kisu kisikaribie hapo. Raba ya tairi ni laini, inabonyea, na tunachokitafuta ni sehemu isiyobonyea.

Bomba likishatulia, shukeni kwenye fimbo za gia. Kila ncha ya fimbo ina tundu, pini na bushi. Shika fimbo uitikise, mkono mwingine uguse pini. Utausikia mchezo kwa kidole hata pale jicho lisipouona. Tundu lililokuwa duara sasa limekuwa kama yai, na pini imelika upande mmoja ikaacha kingo unayoweza kuishika kwa ukucha. Mchezo mdogo wa kila ncha ukijumlishwa kwa fimbo mbili ndio huo unaouchelewesha mkono mmoja kurudi fri. Badilisha bushi zote kwa pamoja. Tundu lililopanuka lijazwe na kutobolewa upya, pini ziwe mpya. Kwenye fimbo za gia welda anaruhusiwa; ninakomkataza nitakutajia.

Mkiwa hapo hapo fanyeni kipimo ambacho ningependa kila mwenye gari la gia ya usukani akijue kabla ya kumlipa mtu yeyote fedha ya gia boksi. Chomoeni fimbo zote mbili kwenye gia boksi. Injini imezimwa, gari limewekewa mawe. Sasa sogeza mikono ya gia boksi yenyewe kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na kila mara urudishe fri kabla ya kushika wa pili. Kama kila gia inaingia na unaisikia ikitua mahali pake, gia boksi haina kosa katika hili la kunasa, na yule fundi wa kwanza alitaka kukata sakafu ya gari la baba yenu bure. Kama kuna inayogoma hata hapo, basi ana hoja, na gia boksi ifunguliwe.

Baada ya hapo ndipo marekebisho. Wengi huanza na marekebisho, wanakaza na kulegeza nati za fimbo juu ya bushi zilizokwisha, na kesho yake gari linarudi vile vile. Wewe bushi zako zitakuwa mpya. Weka mikono ya gia boksi fri. Kule juu, ilinganishe ile mikono miwili midogo. Kama ina matundu ya kulinganishia, pitisha pini iliyonyooka au keekee inayoenea, iishike pamoja. Halafu rekebisha urefu wa kila fimbo mpaka ncha yake iingie kwenye tundu bila kusukumwa wala kuvutwa. Kaza nati, toa pini, jaribu gia zote gari likiwa limezimwa. Ikinasa tena, ujue kuna fimbo uliyoilazimisha.

Liko jambo jingine linalodanganya watu. Jaribu gia injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa lakini zikawa nzito au zikakwaruza inaponguruma, tazama klachi, kwa sababu haiachii vizuri. Na angalia raba zinazobeba injini na gia boksi. Zikifa, injini inainama kila unapokanyaga mafuta na inavuta fimbo pamoja nayo. Dalili yake ni gia kuchomoka yenyewe, hasa unapoachia mafuta kwenye mteremko.

Tuje kwenye usukani kucheza. Usinunue stelingi boksi kwa kusikia. Tairi zikiwa chini na zimenyooka, mdogo wako akae kwenye kiti autikise usukani kushoto na kulia, kidogo tu, ndani ya ule mchezo. Wewe uwe chini na tochi, uufuate mwendo kutoka juu mpaka kwenye tairi. Unatafuta mahali ambapo upande mmoja unasogea na wa pili umesimama. Shafti inazunguka lakini mkono wa stelingi boksi haujatikisika? Mchezo uko ndani ya boksi. Mkono unatikisika lakini fimbo iliyofungwa nao inachelewa? Ni boli, yaani kile kiungo cha duara kwenye ncha ya fimbo. Kwenye Land Cruiser za umri huo kuna pia mkono wa katikati, umefungwa mbele kwenye chasisi, unaopokea mwendo kutoka kwenye boksi na kuupeleka kwenye tairodi, zile fimbo zinazogeuza tairi. Mafundi wengi huuruka. Una bushi zake na unahitaji grisi, na kwa gari lililopita mchanga wa Sikonge miaka yote hiyo ningeutazama kabla ya tairodi endi.

Tazama na boksi yenyewe inaposhikwa kwenye chasisi. Safisha tope na mafuta mpaka chuma kionekane, kisha mdogo wako atikise tena. Ukiona boksi zima linapumua, yaani linasogea pamoja na kipande cha chasisi, kaza boliti, na chunguza kama kuna ufa kwenye chasisi kuzunguka boliti hizo. Ufa mara nyingi unajionyesha kwa mstari mwembamba wa kutu nyekundu kwenye rangi. Ukiuona, gari lisisogee mpaka aje mchomeleaji anayeweza kuweka kibati cha kuimarisha. Kupitisha ufito mmoja juu ya ufa hakutoshi.

Mwisho inua tairi moja moja kwa jeki, weka na kitegemezi cha kuaminika, ushike tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mdogo wako akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi za habu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, pale tairi linapogeukia kwenye ekseli. Hizo nazo hujifanya kuwa ugonjwa wa usukani.

Kama baada ya yote hayo mchezo umebaki ndani ya stelingi boksi, bado usikimbilie kununua. Angalia oili yake kwanza, maana nyingi hukutwa kavu. Ina skrubu ya kurekebisha iliyofungwa kwa nati juu yake. Fimbo iliyofungwa kwenye mkono wa boksi ichomolewe, tairi zinyooke, ukaze kidogo sana, ujaribu kuzungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Boksi limetengenezwa kubana zaidi pale katikati, kwa hiyo ukilikaza likiwa limekatwa upande, litabana kupita kiasi likirudi katikati, na usukani hautarudi wenyewe baada ya kona. Usukani usiorudi ni hatari kuliko ule unaocheza. Gari la umri huo litabaki na mchezo kidogo, kama upana wa vidole viwili kwenye ukingo wa usukani, na hilo si la kukukosesha usingizi.

Nije kwa yule fundi wa welda. Mkataze. Mkono wa stelingi boksi, shafti ya usukani, ncha za tairodi, hakuna hata kimoja kinachoguswa na moto wa welda. Chuma hicho kimepewa ugumu wake kiwandani. Welda anakibadilisha pale alipochoma, na kitavunjika siku ukiwa na mzigo. Mkono ukiwa umelika meno yake unabadilishwa. Vilevile kagua pini za kukunja kwenye nati za tairodi. Ukikuta msumari au waya wa kufungia umewekwa badala yake, toa, weka pini mpya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko soda.

Spea za gari hilo zinapatikana, ila usiagize kwa jina. Fungasha kile kipande kibovu, kitume Dar es Salaam kwa basi kwa mtu unayemwamini akipeleke Kariakoo au Gerezani, kipimwe ana kwa ana na kipya. Land Cruiser za muundo huo zilitoka kuanzia 1960 hadi 1984 na katikati zilibadilishwa mambo mengi; spea ya ile ya gia nne ya chini inaweza kufanana na yako mezani na ikakataa kwenye gari.

Kuhusu gia ya chini, silipingi wazo lenyewe. Mtu akiwa na gia boksi iliyokufa kweli na nyingine nzima ya kufaa, abadilishe. Lakini wewe hujafika huko, na sakafu ikishakatwa hairudi. Mwambie kaka yako, kwa heshima ya ukubwa wake, asubiri mpaka kipimo cha fimbo kifanyike. Mnunuzi wa vyuma chakavu anapima kilo. Hatalipa hata senti kwa injini inayowaka. Kazi niliyokueleza ni ya bushi, pini, grisi na siku kadhaa za mikono yenu wawili, na hata kama boksi la usukani litahitaji kufunguliwa, gharama itakuwa mbali na hesabu za mafundi hao. Na mama aambiwe ukweli kwamba gari limesimama kwa ajili ya usalama, lisije likaonekana limeanza kuuzwa kimyakimya.

Mkimaliza, jaribuni mahali pasipo na watu, gari tupu kwanza, gia zote kwenda na kurudi, kona za pande zote mbili, kisha mpakie mzigo nusu mrudie. Siku ya kwanza ya kazi tembea na spana za nati zile za fimbo, kwani bushi mpya hukaa na huenda ukahitaji kukaza tena. Niandikie mkono upi mdogo ulikuwa unachelewa, wa kwanza na rivasi au wa pili na tatu. Nahisi ni wa kwanza na rivasi, lakini nataka kusikia kutoka kwako.